Samaki wa Mtoto Wako Anaenda Wapi?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu kidogo, maana ya leo yanahusu sufuria iliyo mbele yako.

Leo tunazungumza juu ya samaki. Najua kuna atakayesema, "Sisi watu wa ziwa, samaki tunamjua tangu utotoni, utatuambia nini?" Ni kweli. Sikuja kukufundisha kupika ngege. Nimekuja kukuuliza swali moja: yule samaki mdogo aliyekuwa akilisha watoto wa kijiji hiki, siku hizi anaenda wapi?

Niwaeleze kisa. Siku moja tulikuwa tukipima watoto kwenye kliniki. Akaja mama mmoja na mtoto wa miezi 14. Tukamvika mtoto ule utepe wa kupima mkono, ukasimama kwenye rangi ya manjano. Mnajua maana yake: bado hajafika hatarini, lakini njia anayoshika si nzuri. Nikamuuliza mama, "Mtoto anakula nini?" Akasema, "Uji mweupe asubuhi, chai na mkate mchana, usiku ugali na mchuzi wa sukuma." Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu bila kusita, "Nauza omena."

Nilinyamaza kidogo. Mama anauza omena, na mtoto wake hali omena! Nilipomuuliza sababu, hakukasirika. Alisema, "Daktari, omena siku hizi si wa kula. Ni wa pesa. Lori la watu wa chakula cha kuku linafika ufuoni alfajiri, linachukua magunia yote. Nikibakisha gorogoro moja nyumbani, nimekula faida ya siku nzima."

Sikuwa na jibu la haraka. Yule mama si mjinga wala si mvivu, na anampenda mtoto wake. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa siku ile. Lakini kuna hesabu nyingine kubwa zaidi, ya mtoto na ya ziwa, na hiyo ndiyo nataka tuifanye pamoja leo.

Tuanze na mtoto. Mtoto akishatimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi. Endelea kumnyonyesha, ndiyo, hadi miaka 2 na zaidi, lakini sasa anahitaji chakula cha kujenga mwili na damu. Tumbo lake ni dogo, halijazidi ngumi yako. Hawezi kula sahani nzima kama baba yake. Kwa hiyo kile kidogo anachokula lazima kiwe na nguvu nyingi ndani yake. Omena ameumbwa kama kwa ajili ya kazi hiyo. Ukila mbuta, unakula mnofu na kutupa mifupa. Omena unamla mzima: mfupa wake una kalisi ya kujenga meno na mifupa ya mtoto, kichwa na macho yana vitamini A, na mwili wote una madini ya chuma ya kuongeza damu na zinki ya kumsaidia kukua na kupambana na kuhara. Samaki mmoja mdogo anafanya kazi ya vyakula vitatu.

Mtoto asipopata vyakula hivi katika miaka 2 ya kwanza, anadumaa. Kudumaa si ufupi tu. Ni akili inayochelewa kushika, na ni mwili unaougua mara kwa mara. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 35 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini Kenya walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 18. Tumepiga hatua, na kina mama mnastahili pongezi. Lakini 18 kati ya 100 bado ni karibu mtoto mmoja kwa kila watano. Ukitazama watoto wanaocheza nje ya mlango wako sasa hivi, hesabu hadi watano.

Sasa tugeukie ziwa lenyewe.

Nyanya wanaonisikiliza wanakumbuka, au walisimuliwa na mama zao, wakati ambapo ngege wa asili alikuwa akivuliwa kwa mitego ya matete. Nyavu za nyuzi zilipoletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, samaki wakavuliwa kwa wingi, na baada ya miaka michache tu ngege akaanza kuadimika. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu, Michael Graham, aliyechunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Akashauri kwamba nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zisitumike, ili wadogo wapite. Sheria ikawekwa, kisha katika miaka ya 1950 ikalegezwa, matundu yakapungua, na samaki wakapungua pamoja nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuvua kupita kiasi ni jambo la vijana wa siku hizi, mwambie lina umri mkubwa kuliko Kenya huru.

Kisha akaja mbuta. Huyu hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa na kumwagwa majini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili kuwe na samaki mkubwa wa biashara. Mbuta anaweza kufika karibu mita 2 kwa urefu, na chakula chake ni samaki wengine. Katika ziwa alimkuta fulu. Mnamkumbuka fulu? Wale samaki wadogo wa rangi nyingi, wenye mifupa mingi, ambao bei yao ilikuwa ndogo na kila mtu aliwala. Fulu walikuwa wa aina mamia kadhaa, na kwa uzito walikuwa takriban asilimia 80 ya samaki wote wa ziwa. Ilipofika miaka ya 1980, mbuta aliongezeka ghafla, na fulu wakaisha. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban aina 200 zilitoweka. Nyingi hazikuwa zinapatikana mahali pengine popote duniani.

Utaniuliza, hilo linahusiana vipi na afya? Linahusiana kwa njia nyingi. Kwanza, fulu alikuwa nyama ya maskini. Mbuta alipokuja, viwanda vya kukata minofu vilijengwa, minofu ikapelekwa Ulaya na kwingineko, na watu wa hapa wakabaki na mgongo wazi. Jina hilo mnalijua vizuri: ni kichwa na uti wa mgongo uliobaki baada ya mnofu kuondolewa, ukakaangwa na kuuzwa sokoni. Sidharau mgongo wazi, watu wengi wamesomesha watoto kwa kuuza huo. Lakini fikiria: ziwa likatoa samaki wengi kuliko wakati wowote, na mtoto wa ufuoni akalishwa mifupa.

Pili, kuna kuni. Fulu na ngege wadogo walianikwa juani, basi. Mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani bila kuoza, lazima akaangwe au akaushwe kwa moshi. Kwa hiyo miti ya vilima vya karibu ikakatwa. Mvua ikinyesha, udongo unaingia ziwani pamoja na mbolea ya mashambani, na maji yanakuwa mazito. Na aliyekata kuni hizo na kuvuta moshi wake akiwa na mtoto mgongoni ni nani? Ni mama.

Tatu, wapo fulu waliokula mwani, ule ukijani unaoelea majini. Wapo waliokula konokono. Walipoondoka, kazi yao haikupata mtu wa kuifanya. Katika Ziwa Malawi, watafiti waliona kwamba samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi, konokono wanaobeba kichocho waliongezeka ufuoni, na ugonjwa wa kichocho ukaongezeka kwa watoto. Ndiyo maana nasema afya ya ziwa na afya ya mtoto haziwezi kutenganishwa.

Leo hata mbuta mwenyewe amepungua. Sheria inasema avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, lakini tazama wanaouzwa kando ya barabara, wengi hawafiki urefu wa mkono wa mtoto wa shule. Viwanda kadhaa vya upande wetu vimefunga milango kwa kukosa samaki. Ndipo macho yote yakageukia omena.

Omena ana bahati moja: anazaa haraka na kukua haraka. Ndiyo maana bado yupo. Lakini haraka hiyo ina mpaka. Sheria inataka wavu wake uwe na matundu ya milimita 10. Hata hivyo zipo nyavu zenye matundu nusu ya hayo, zinazobeba mayai, vifaranga na kila kitu. Na kuna jambo ambalo sisi watu wa afya linatuumiza moyo. Neti ya mbu, ile tunayompa mama mjamzito kliniki, imekuwa ikipelekwa ziwani. Mwaka 2008 watafiti waliotembelea vijiji vya wavuvi upande wetu wa ziwa walichapisha walichokiona: neti zilikuwa zikitumika kuvulia samaki, na zaidi kuanikia omena, kwa sababu hazina gharama na samaki hukauka haraka juu yake. Mama, neti hiyo ina dawa ya kuua wadudu. Haikutengenezwa kugusana na chakula. Na usiku ule ambao neti iko ufuoni, mtoto wako analala bila neti, na malaria haina subira.

Kuna ule msimu wa kufunga uvuvi wa omena, kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili wazaliane. Najua wengi hamuupendi. Nimewahi kusikia mama mmoja akisema serikali inafunga ziwa na kusahau kufungua jiko. Ana haki ya kulalamika, kwa maana miezi 4 ni mirefu. Lakini wale wanaovua usiku kwa kujificha katika miezi hiyo wanakula mbegu. Baadaye nitawaeleza jinsi ya kujiandaa.

Sasa turudi kwa lori la yule mama. Omena wanaochukuliwa kwa magunia wanaenda wapi? Sehemu kubwa inasagwa kuwa chakula cha kuku, cha nguruwe, na cha samaki wa kufugwa. Kutengeneza kilo 1 ya unga wa samaki kunahitaji kilo 4 au 5 za samaki wabichi. Sikatai kuku kulishwa. Lakini tunaposema bei ya gorogoro imepanda, tujue tunashindana na nani. Unashindana na kuku wa mjini, ambaye mwenye shamba ana pesa ya kulipa kuliko wewe.

Na sasa kuna mshindani mpya aliye ndani ya ziwa lenyewe, yaani vizimba. Ukisimama ufuoni katika kaunti za Siaya, Homa Bay, Kisumu, Busia au Migori utaviona, vyumba vya nyavu vinavyoelea, ngege wamejaa ndani. Kufikia mwaka 2019 upande wa Kenya vilikuwa vimezidi 4,000. Wengi walivipokea kwa furaha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilifikiri: samaki wa porini wamepungua, tufuge, ziwa lipumzike. Vizimba vimeleta kazi, vimeleta ngege sokoni, na mtu aseme ukweli.

Lakini ngege wa kizimba hajitafutii. Ngege wa asili anakula mwani na vidudu vya majini. Huyu wa kizimba amebanwa na wenzake maelfu, kwa hiyo ni lazima aletewe chakula kila siku, na kwa kila kilo moja ya ngege hutumika kilo 1 na nusu hadi 2 za chakula. Katika vyakula vingi vya aina hiyo, omena wamo. Kwa hiyo tunavua samaki wadogo ambao mtoto angewala wazima pamoja na mifupa yao, tunamlisha samaki mkubwa, na samaki huyo anauzwa kwa bei ambayo mama wa mtoto hawezi kuilipa. Ziwa halikupumzika.

Jambo la pili ni uchafu. Chakula kisicholiwa kinazama chini. Kinyesi cha samaki maelfu kinazama chini. Ng'ombe ukimfunga mahali pamoja bila kufagia zizi, baada ya wiki moja hupiti hapo. Chini ya kizimba ni vivyo hivyo, ila hatuoni. Uchafu ule ukioza unatumia hewa ya oksijeni iliyo majini, na unatoa mbolea inayostawisha mwani na gugu maji. Kama vizimba viko mbali, kwenye maji ya kina kirefu yenye mkondo, uchafu unatawanyika. Lakini vingi vimewekwa karibu na ufuo, kwenye kina kifupi, mahali ambapo samaki wa asili huzalia, na mahali ambapo wewe unachota maji.

Mnakumbuka mwaka 2022? Mwezi wa Novemba, ngege wa vizimbani walikufa kwa maelfu na maelfu, wakaelea juu wakiwa wamevimba. Wataalamu walieleza kwamba maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu, na samaki waliofungwa hawakuwa na pa kukimbilia. Wafugaji walipata hasara ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Karibu miaka 2 kabla ya hapo, Januari 2021, mbuta wa porini nao walikuwa wamekufa na kutupwa ufuoni Kenya na Uganda, na hewa kupungua majini ilitajwa vilevile. Siwezi kusema vizimba ndivyo vilivyosababisha yote hayo. Maji taka ya miji yetu yamo, mbolea ya mashambani imo, udongo wa vilima vilivyokatwa miti umo. Vizimba vimeongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kulemewa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, hili ni la kukumbuka hata ukisahau mengine. Ukiona maji ya ziwa yamekuwa ya kijani, mazito kama rangi ya kupaka ukuta, na harufu mbaya, usichote ya kunywa wala ya kupikia uji. Aina moja ya mwani huo hutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Tumezoea kufundishana kwamba kuchemsha kunatibu maji, na ni kweli kwa vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Endelea kuchemsha. Lakini sumu ya mwani haikufi kwa moto kwa sababu si kijidudu. Siku kama hizo tafuta maji ya kisima au ya mvua, na watoto wasiogelee hapo wala kuoshwa na maji hayo. Na samaki aliyeokotwa akiwa amekufa anaelea, hata kama ni wa bure, hata kama ni mnono, usimpikie mtoto.

Kuna jambo jingine zito, na kwa kuwa sisi ni watu wazima, tuliseme. Samaki wanapopungua, mama anayenunua ufuoni anakuwa na wakati mgumu. Mvuvi ana samaki wachache, wanunuzi ni wengi, na mwingine anamwambia mama kwamba pesa peke yake haitoshi. Jaboya, mnalijua neno. Ufuo ukikosa samaki, jaboya inaongezeka, na pamoja nayo Ukimwi, mimba zisizopangwa, na watoto wanaoachwa kwa nyanya. Kule Nduru, Kaunti ya Kisumu, kina mama waliamua kumiliki mashua zao wenyewe na kuajiri wavuvi, ili samaki wawe mali yao kabla hawajafika nchi kavu. Haikuwa kazi rahisi, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliwatesa sana, lakini walionyesha kwamba mama anaweza kusimama upande mwingine wa mizani. Kama umepitia jaboya, nenda kituo cha afya upimwe. Kama una virusi, dawa zipo, na mtoto unayemnyonyesha anaweza kukua salama bila virusi ukizitumia kila siku kama unavyoelekezwa. Hakuna anayepaswa kukutukana huko.

Basi mama wa kawaida afanye nini? Ziwa ni kubwa, viwanda ni vikubwa, wewe una sufuria moja.

Nilichomshauri yule mama wa omena kilikuwa kidogo sana. Nilimwambia asiweke gorogoro nzima, aweke vikombe viwili kwa wiki kabla lori halijafika, na avihesabu kama karo ya shule, pesa ambayo haiguswi. Mtoto wa miezi 14 hahitaji zaidi ya hapo. Waoshe omena kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, maana walioanikwa chini hubeba mchanga na uchafu wa kuku na mbwa. Ukiweza, nunua kwa mama anayeanika juu ya kichanja. Waanike tena hadi wakauke vizuri, wakaange kavu kwa moto mdogo bila mafuta, kisha watwange hadi wawe unga laini. Chekecha. Weka kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu. Uji wa mtoto ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja cha unga huo, koroga, uchemke kidogo tena. Kama mtoto anakataa harufu, anza na nusu kijiko, au changanya kwenye viazi vilivyopondwa au mboga. Mpe na kipande cha embe, papai au chungwa, maana matunda husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Na tafadhali, chai isiwe pamoja na chakula cha mtoto. Chai inazuia madini hayo, na unakuwa umetwanga bure.

Unga huo, ukiwa mkavu kweli, unakaa. Ndiyo njia yangu ya kuvuka miezi ya Aprili hadi Julai: tengeneza mwezi wa Februari na Machi, wakati omena ni wengi na bei imeshuka. Katika miezi iliyofungwa ongeza maharagwe, ndengu, mayai, na mboga za kienyeji kama vile osuga, mchicha na kunde. Hapo huhitaji kununua omena walioibwa usiku, na wale wa Agosti watakuwa wengi zaidi.

Kuhusu neti, sitaki maneno mengi. Ikichakaa hadi haifai tena, muulize mhudumu wa afya wa kijiji namna ya kuitupa. Isiende majini.

Na uende mikutanoni. Kila ufuo una kamati yake, ile tunayoiita BMU, na kina mama wanatakiwa kuwamo. Tatizo ni kwamba wengi huandikwa majina kwenye kitabu, na siku ya mkutano wako sokoni. Mtu akitaka kuweka vizimba mbele ya kijiji chenu, sheria ya mazingira inataka madhara yake yachunguzwe kwanza na wananchi wasikizwe. Siku hiyo uliza maswali ya mama: Kina cha maji pale ni kiasi gani? Ni umbali gani kutoka tunapochota maji? Vizimba vingapi? Chakula chake kimetengenezwa na nini? Siku hizi kuna chakula cha samaki kinachotengenezwa kwa soya, na kingine kwa mabuu ya nzi waliofugwa kwenye mabaki ya vyakula. Mfugaji mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa.

Nimepata swali kutoka kwa msikilizaji mmoja: "Je, ngege wa kizimba ana sumu? Nisimpe mtoto?" Hapana, mama. Ngege wa kizimba aliye mzima ni chakula kizuri. Angalia macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Mpike aive hadi karibu na mfupa, na umtolee mtoto miiba yote kwa mkono wako, si kwa kijiko. Ninachosema ni kwamba hawezi kuchukua nafasi ya omena kwenye bakuli la mtoto wa mwaka mmoja, maana mifupa yake hailiki.

Mwingine ameuliza kama anaweza kumpa mtoto omena tangu miezi 4, kwa kuwa analia sana. Hapana, ngoja atimize 6. Kulia si njaa tu. Mlete kliniki tumwangalie, na usisahau kile Kijitabu cha Mama na Mtoto.

Yule mama alirudi baada ya wiki 6. Utepe ulikuwa umefika kwenye kijani, lakini kidogo tu, juu ya mstari. Aliniambia mume wake alimuuliza kwa nini anaficha omena chini ya kitanda. Akamjibu kwamba ni dawa ya mtoto.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya minyoo, na kwa nini mtoto anayekula vizuri anaweza bado kukosa damu. Hadi wakati huo, kwaherini.